Panya na Asikie

Zena,

Uko kwa shangazi zako unaaga, na ninavyowajua, hawatakuachilia mpaka wamekulisha katika kila nyumba. Mwanao Salumu amelala kwenye mkeka hapa miguuni pangu. Bibi yako anasinzia barazani. Mimi nimekaa mezani na kalamu, jambo ambalo sijalifanya miaka mingi, na sababu yake ni soksi.

Nilitaka kumvalisha mtoto soksi maana upepo wa leo ni wa baridi. Nikafungua begi lako la safari, nikatoa ile jozi ya buluu. Moja ilikuwa laini. Nyingine ilikuwa na kitu kigumu huko ndani kwenye vidole. Nikaikung'uta, ikaanguka pakiti ya sumu ya panya.

Ndani ya soksi ya mtoto, Zena. Mtoto ambaye jana nimemtoa ndala mdomoni.

Kwanza nilitaka nikupigie simu nikutukane huko huko mbele ya shangazi zako. Nikajizuia. Nakujua, ungecheka ukasema, "Mama, mimi ni Chuma, umesahau?" Mimi ningepandisha sauti, wewe ungenuna, na kesho ungepanda treni ya Kigoma tukiwa hatusemezani vizuri. Kwa hiyo naandika. Mambo ya kila siku sitayagusa. Kupika unajua, kuishi na mume unajifunza mwenyewe, na mama mkwe wako ana mdomo wa kutosha kukuelekeza yaliyobaki. Mimi nitazungumza juu ya panya tu.

Naelewa kilichokutisha. Mumeo alipopiga simu alisema nyumba aliyowapangia huko Usinge imepakana na ghala la mahindi, ukuta kwa ukuta, na kwamba darini panya wanakimbizana kama wanafunzi walioachiwa mapema. Alisema huku anacheka. Mwanamume anayecheka panya ni yule ambaye hajawahi kufua nguo za mtoto zilizokojolewa na panya. Hamisi ni mkwe mzuri, simsemi vibaya, ila katika hili mhesabu kama mgeni.

Sasa panya mwenyewe. Umekuzwa kumheshimu, na kosa si lako. Katika nyumba hii kila mtu akimtaja panya anapunguza sauti kama anayemtaja mkwewe. "Ana akili sana huyo." "Huyo anasikia kila kitu." Akili gani? Nimeuza karanga na maharage sokoni tangu hujazaliwa, nimeshinda na panya ghala moja msimu baada ya msimu, na nakuambia ni mnyama mwoga, mchafu na mtumwa wa mazoea. Hana moyo wa kukatiza katikati ya chumba. Anatembea akiambaa ukuta, ubavu wake ukisugua udongo, njia ile ile kila siku, mpaka ukuta unaota mstari mweusi wa mafuta ya manyoya yake. Weka ndoo mpya kwenye njia yake uone: ataikwepa na kuiogopa siku kadhaa, ndoo tupu! Anakojoa huku anatembea. Anatafuna sabuni, anatafuna nyaya za umeme, alitafuna kandambili za msikitini za baba yako, wala si kwa njaa, bali meno yake yanakua kila siku na asipoyachakaza yatamzidi mdomo. Watu wanasema anang'ata na kupuliza, kama vile ana huruma. Hana huruma. Anang'ata kidole kinachonukia uji, basi.

Huyo ndiye tunayemnong'onea.

Na sisi watu wa mji huu tulivyo na majivuno, tumewahifadhi panya pamoja na kuta zetu nene na dari zetu za boriti. Unamjua yule mzee wa nyumba ya pili mwenye mlango wa kuchonga. Hakosi kumkumbusha kila mpita njia kwamba babu yake aliingia Tabora na msafara kutoka pwani. Siku moja nilichoka nikamwambia, "Mzee wangu, hata panya wa darini kwako babu zao waliingia na msafara huo huo, ndani ya mizigo ya babu yako, na wao hawajawahi kujisifu." Tangu siku hiyo nikimpa shikamoo, anajibu marahaba akitazama ukuta.

Tulijaribu paka pia. Unamkumbuka Sultani. Jina lenyewe lilimharibu. Alikula dagaa kuliko sisi wenyewe, akalala juu ya magunia, na panya wakapita chini yake bila hodi. Kuna siku nilimkuta anamtazama panya akitoboa gunia la maharage kama mtu anayetazama fundi kazini. Paka wako mwenye njaa atakula panya mmoja. Paka aliyeshiba ni mpangaji asiyelipa kodi.

Halafu wakaja hawa wa spika. Nadhani ndiko ulikonunua, maana wiki iliyopita yule wa baiskeli alizunguka mtaa mzima na sauti yake ya kurekodi: panya, mende, kunguni, viroboto, wote dawa moja, na panya akishakula anatoka nje kwa adabu zake akafie kwa jirani! Nimeitazama pakiti yako. Haina jina la aliyeitengeneza, haina maelezo, haisemi mtu akiila afanyeje. Ina picha ya panya, tena panya anayecheka. Ana haki ya kucheka.

Nirudi kwenye kunong'ona, maana ndiko ninakotaka ufike.

Bibi yako alikuja mjini na kawaida ya kwao Puge. Kwao nafaka ilihifadhiwa ndani ya nyumba ile ile waliyolala, na panya alikuwa karibu kama ndugu. Basi walikuwa na sheria: ukitega, hutamki. Ukisema kwa mdomo kwamba unamtegea panya, aliye darini anasikia, na kabla hakujapambazuka atakuwa amezitafuna nguo zako nzuri kukukomoa. Panya humwiti panya, unamwita mwenyeji. Sumu huiiti sumu. Unaitega kimya, na pakiti unaitupa chooni asiione. Nililelewa hivyo nikaamini hivyo, na sekondari yangu yote kichwani. Shule inafundisha mambo mengi lakini haifiki darini.

Ulikuwa na umri wa Salumu. Ulikuwa umeanza kutembea kwa kushika ukuta, ukifika kona unageuka kwa uangalifu kama lori. Baba yako alikuwa Kaliua ananunua karanga, na chumba cha nyuma tulikuwa tumejaza magunia mpaka karibu na dari. Panya wakaingia. Kila asubuhi nilikuta maganda, matundu, na vile vinyesi vyao vyeusi kama punje za mchele ulioungua. Nikanunua sumu. Nikachukua matobolwa, yale yale unayoyapenda, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kuanikwa, nikavipaka sumu vipande viwili. Nikaviweka juu ya kifuniko cha kopo, nikakisogeza ukutani pale pale ulipopita mstari mweusi. Nilijiona fundi. Nilijua njia ya adui.

Sikumwambia Bibi yako, ambaye ndiye aliyekuwa anashinda na wewe. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kutosema, na nilidhani namheshimu. Hata bismillahi niliisema moyoni. Pakiti nikaitupa chooni, nikaenda sokoni.

Mchana nilirudi, nikachungulia nyuma ya magunia. Kifuniko kilikuwa kitupu. Nikatabasamu. Nataka ulijue hilo, mwanangu: nilitabasamu. Nikawaza, nimewapata leo, wajinga hawa. Nikakiokota kifuniko, nikakisuuza, nikaosha mikono.

Ndipo nikasikia sauti ya Bibi yako kutoka uani. "Mama Zena! Mama Zena njoo! Mtoto ana degedege!"

Ulikuwa mapajani kwake unatetemeka, mate yanakutoka. Yeye alikuwa anaagiza maji na anataja majina ya waganga. Mimi nilikuwa natazama mkono wako. Ulikuwa umeufumba. Nikaufumbua, na ndani yake kulikuwa na kipande cha tobolwa chenye alama za meno yako.

Nilikuwa nimefikiri sana nani anatembea akiambaa ukuta katika nyumba ile. Nilimfikiria mmoja tu.

Jirani alitupakia kwenye baiskeli, mimi nyuma nimekukumbatia, Bibi yako akikimbia na khanga mkononi. Hospitali tulipokelewa na nesi mmoja mnene, mwenye miwani, sauti kama ya mwalimu wa zamu. Akaniuliza, "Amekula nini?"

Na mimi, Zena, wewe ukiwa unatoka povu mikononi mwangu, nikanong'ona. Wallahi nilinong'ona. "Dawa ya mwenyeji."

"Nini?"

Nikamsogelea sikioni. "Ile ya... panya."

Akanishika bega akanitikisa. "Mama, sema kwa sauti! Hapa hakuna panya!"

Nikasema. Akauliza ni ya unga au ya punje, ya rangi gani, iko wapi pakiti. Nikamwambia iko chooni. "Chooni kufanya nini?" Nikamwambia ili panya asiione. Alinitazama. Nimewahi kudharauliwa na watu wengi, na wengi wao niliwarudishia. Yule sikumrudishia, maana dharau yake ilikuwa halali yangu. Akageuka akaanza kukushughulikia, na daktari alipofika ilibidi wakutibu kwa kubahatisha, kwa kuwa mama yako alikuwa amemficha panya siri.

Ulipona, na ukoo huu ukafanya nini? Ukacheka. Wajomba zako wakakupa jina la Chuma. Katika kila harusi lazima atokee mmoja asimulie jinsi Zena alivyokula sumu ya panya na panya ndio wakahama. Na wewe umekua ukilipenda jina hilo, nimekuona, unanyoosha mabega. Nimenyamaza miaka yote kwa sababu kicheko kilinifaa. Watu wanaocheka hawaulizi nani aliyeitega. Sasa nakuambia kama ulivyo. Hukupona kwa uchuma wako. Ulipona kwa sababu ulikimaliza kipande kimoja tu na kile cha pili ulikuwa umeking'ata kidogo tu, na kwa sababu yule nesi hakuwa na subira na upuuzi. Ilikuwa bahati. Bahati hairithiwi, na Salumu hana jina la Chuma.

Baba yako aliporudi nilimweleza yote. Hakunipiga wala hakunitukana. Alikwenda chumba cha nyuma akayasogeza magunia yote mbali na ukuta, akayapandisha juu ya chaga, na huko nyuma tukaona tusichokuwa tumejisumbua kukitazama: tundu. Lilikuwa dogo, kidole gumba changu kiliingia kwa shida. Ukoo mzima wa panya ulikuwa unapita hapo tukiwasingizia uchawi na akili. Nilikuwa nimewapelekea matobolwa mezani na mlango nimewaachia wazi.

Tuliliziba kwa zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, tukasindilia saruji juu yake. Panya anayatafuna matambara yako na udongo wako akikushukuru, ila chuma kinamshinda. Chini ya mlango baba yako akapigilia kipande cha bati. Karanga za kula tukazitia kwenye pipa lenye mfuniko. Ule mwembe wa jirani uliokuwa umeegemeza tawi juu ya paa letu tukalikata tawi, na jirani akasema tuna roho mbaya. Panya waliobaki ndani tukawawekea mitego ya ubao na springi, tukaiacha siku za mwanzo bila kuitega ili hao wenye akili waizoee. Waliizoea. Walikuja kula juu yake kama wako hotelini, na siku tulipoitega walikuja vilevile.

Na hapa ndipo nilipoanza tabia ambayo wewe na wadogo zako mnaniigiza kwa kuniteta. Nilianza kutangaza. Nilisimama katikati ya nyumba nikapaza sauti: "Leo nimetega nyuma ya gunia la maharage! Na mwingine uko jikoni kushoto kwa kabati!" Bibi yako aliziba masikio. Alingoja nguo zangu zitafunwe. Kitenge changu cha harusi ya shangazi yako kiko kabatini mpaka leo, hakina hata tundu la sindano, na panya waliendelea kuingia mitegoni. Ama ni viziwi, ama Kiswahili hakijawafika.

Nilidhani somo hilo limeingia nyumba nzima. Leo, baada ya kuiona pakiti, nilitoka nayo barazani nikamwonyesha Bibi yako.

"Mama, hii nini?"

Akafumbua jicho moja. Akatazama juu kwanza, darini, ndipo akanitazama mimi. Akaweka kidole mdomoni. "Polepole. Mimi ndiye niliyemwambia anunue."

"Akaificha kwenye soksi ya mtoto?"

"Hapo nani atapafikiria?"

"Mtoto, mama! Soksi ni ya mtoto!"

"Shh," akasema. "Watasikia."

Nilimtazama mama yangu, mifupa yote ile na mapenzi yote yale, mwanamke aliyekimbia nyuma ya baiskeli bila viatu kwa ajili yako, na bado akili yake iko darini. Sikuweza kumkasirikia vizuri. Nikaketi chini karibu naye. Nikamuuliza, "Unaikumbuka siku ile?" Akasema, "Kila siku." Kisha akasema kitu ambacho hajawahi kuniambia. Alisema yeye alikuona. Alikuona umesimama nyuma ya magunia unatafuna, akajua ni matobolwa, akafurahi kwamba umepata kitu cha kutafuna na yeye apate kumalizia kuchambua mboga. Angejua, angekurukia. "Sikujua," akasema. "Mlinificha."

Alisema "mlinificha", Zena, kana kwamba tulikuwa wengi. Nilikuwa mimi peke yangu, na niliyemficha ni yeye aliyenifundisha kuficha. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tulikuwa tunawafichia panya, na nusura kifo kimuumbue asiyehusika.

Pakiti nimemkabidhi baba yako, na nimemwambia ni nini kwa sauti ambayo mzee wa mlango wa kuchonga ameisikia. Kwenye begi lako utakuta mitego, kipande cha bati, misumari na zile nyuzi za chuma. Ni vizito, utalalamika ukivibeba stesheni, lalamika. Mwambie Hamisi akae na huyo mwenye ghala wazungumze magunia yasogezwe mbali na ukuta wenu. Salumu mnawishe mikono na mdomo kabla hajalala. Na ukifika, kabla hujatandika kitanda, piga magoti utambae ukiambaa ukuta, chumba baada ya chumba, kama panya, kama mwanao. Majirani wakikuona wakakucheka, wapuuzie. Utakachokiona ukiwa chini hapo ndicho atakachokiona yeye.

Nilikuwa nimepanga niikunje barua hii niifiche ndani ya ile soksi, uikute huko huko Usinge ukimvalisha mtoto. Nimeshaikunja hata mara moja, mkunjo wake utauona. Kisha nikajiona, mtu mzima, nimeshika soksi, natazama mlangoni nisionekane, nikakaribia kucheka. Kuficha kwenyewe ndiko huku.

Kwa hiyo sitaificha. Nasikia watoto wa jirani wanakuamkia huko nje, umekaribia. Tukishakula nitaisoma mbele yenu wote, baba yako akiwepo, na Bibi yako na kidole chake mdomoni. Nikishindwa kufika mwisho utanimalizia. Na siku ya kwanza mtakayolala Usinge, ichukue uisome tena humo ndani, kwa sauti yako yote, Hamisi asikie, na binti atakayekusaidia kumlea mtoto asikie, na Salumu asikie hata kama haelewi. Juu darini watanyamaza kidogo wakusikilize.

Waache wasikilize. Wewe soma.

Mama yako